Mzee karudi nyumbani na mpira wa mkojo, upasuaji wa tezi dume bado wiki sita. Naomba mwongozo wa kumhudumia

Bi Mhudumu

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kwenye kaya ninazozitembelea kuna mzee wa miaka 72. Mkojo ulimziba, hospitali ya wilaya wakamwekea mpira, na vipimo vikaonyesha tezi dume imetanuka. Wamemruhusu na kapsuli za tamsulosin (dawa ya kulegeza misuli ya tezi na shingo ya kibofu), tarehe ya upasuaji ni wiki sita kuanzia siku aliyotoka. Mpira ni namba 16, wa rangi ya kahawia hafifu, karatasi imeandikwa tarehe ya kuwekwa na puto (lile linaloushikilia mpira kibofuni) 10 ml, basi. Wanaomuuguza ni mkewe na mjukuu wa kiume.

Niliyoyakuta pale:

Mfuko ni ule ule wa hospitali, wiki ya pili sasa. Kila asubuhi mjukuu anauchomoa, anausuuza kwa jiki, anaurudishia.

Mkojo unavuja pembeni mwa mpira, hasa usiku. Mjukuu anataka arudishwe akawekewe mpira mnene zaidi.

Mzee amepunguza kunywa maji kwa makusudi, anasema mfuko unajaa haraka na anaona haya kumsumbua mkewe.

Jirani amewashauri waufunge mpira kwa kamba saa mbili mbili ili kibofu kisisahau kazi yake.

Analala kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, na chandarua.

Mkojo ni wa njano iliyokolea, hauna damu, homa hana. Naomba majibu ya vitendo, wale wenye ujuzi.

---

Nesi wa Zamu

Bi Mhudumu, nianze na mfuko maana hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko yote uliyoyataja.

Kuanzia kibofuni hadi kwenye koki ya chini ya mfuko ni njia moja iliyofungwa. Kila kiungio kinapochomolewa mlango unafunguliwa, vijidudu vinaingia na kupanda kwa ndani hadi kibofuni. Huyo kijana anaufungua kila asubuhi kwa nia njema kabisa. Mfuko haufuliwi. Unamwagwa kwa koki, na ukifikisha siku saba unatupwa na kuwekwa mpya. Kabla ya hapo unabadilishwa tu kama umetoboka, koki inavuja, unanuka kupita kiasi au bomba lake limejaa uchafu mweupe. Jiki nayo inachakaza ile valvu nyembamba iliyopo pale bomba linapoingilia mfukoni. Kazi yake ni kuzuia mkojo usirudi juu, na ikishaharibika huioni kwa macho.

Kumwaga: nawa mikono kwa sabuni, weka kopo safi la kazi hiyo tu, fungua koki bila ncha yake kugusa kopo wala sakafu, funga, ifute ncha kwa pamba yenye spiriti, nawa tena. Usingoje mfuko ujae. Wa lita mbili ukifika robo tatu unakuwa mzito, unavuta mpira, na puto linakandamiza shingo ya kibofu. Maumivu mengi ya chini ya kitovu chanzo chake ni uzito huo.

Kubadilisha mfuko: kabla ya kufungua chochote hakikisha koki ya mfuko mpya imefungwa, maana mingine inatoka kiwandani ikiwa wazi na mkojo wote unaishia kwenye shuka. Nawa mikono, vaa glavu safi. Bana mpira kwa vidole juu kidogo ya kiungio, futa kiungio kwa spiriti, chomoa wa zamani, toa kifuniko cha mfuko mpya dakika hiyo hiyo na uuchomeke bila kugusa ncha. Achia vidole, utazame mkojo ukishuka. Ncha ikigusa shuka au mkono, mfuko huo si wa kutumia tena.

Sasa godoro. Mfuko lazima ukae chini ya usawa wa kibofu na usiguse sakafu. Kwa godoro la chini hayo mawili hayawezekani kwa pamoja, kwa hiyo mzee apandishwe kitandani, hata kama ni cha kamba. Mfuko uning'inizwe kwenye mbao ya ubavuni, na kama kitanda ni kifupi ukae ndani ya beseni safi. Halafu angalia chandarua. Wengi wanalichomekea chini ya godoro pamoja na bomba, bomba linabanwa katikati, na usiku kucha mkojo unatafuta njia ya pembeni. Nadhani nusu ya jibu lako la kuvuja usiku liko hapo. Bomba lishuke upande mmoja bila kona, na pale linapopita chandarua liachwe huru.

Usafi wa mwili ni maji na sabuni ya kawaida, mara moja au mbili kwa siku na kila baada ya choo kikubwa. Shika mpira karibu na mwili usivutike, futa kuanzia mwilini kwenda nje, kamwe si kurudi. Kama hajatahiriwa, govi lirudishwe nyuma, paoshwe, kisha LIRUDISHWE mbele. Likisahauliwa nyuma linavimba na kubana kichwa cha uume, na hiyo ni dharura. Msitumie dawa kali za kuua vijidudu, poda wala mafuta ya mgando. Mpira huo wa kahawia ni lateksi iliyopakwa silikoni, na mafuta ya petroli yanaulainisha hadi unaoza.

La mwisho, mpira ubandikwe. Plasta pana kwenye paja la juu, au kwa mwanaume chini ya tumbo uume ukielekea juu, ili mpira usipinde na kukandamiza njia ya mkojo mahali pamoja. Acha ulegevu kidogo, mtu akinyoosha mguu usivutike, na badilisheni upande kila mnapobandika upya. Mpira usiobandikwa unachubua kidogo kidogo, na kwa waliokaa nao miezi nimeona tundu la uume limepasuka kwa chini. Hakuna sababu yoyote ya kufika huko.

---

Tabibu wa Mkojo

Nesi kamaliza upande wa mfuko. Mimi nijibu la kuvuja, la kamba, na tarehe.

Mpira ukivuja pembeni, mnene zaidi si dawa. Mkojo unatoka pembeni kwa sababu njia ya ndani imebanwa, au kwa sababu kibofu kinajikaza kwa kuchukia puto lililomo ndani yake. Mpira mnene unakichokoza zaidi. Namba 16 inamtosha. Fuateni mpangilio huu: bomba limepinda au amelilalia? Mfuko uko juu, au umejaa? Amepata choo lini mara ya mwisho? Choo kigumu kikijaa kinakandamiza kibofu na mpira kwa nyuma, na kwa wazee wanaokunywa maji kidogo hiki ndicho chanzo kinachosahauliwa sana. Kama hayo yote ni sawa na mkojo unaendelea kushuka mfukoni, huko ni kujikaza kwa kibofu, mwelezeni daktari. Kama mfukoni hakushuki kitu na pembeni unavuja, hesabuni kwamba mpira umeziba.

Maji anayokwepa ndiyo yanayomlinda. Anywe lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, zikigawanywa kutwa nzima, isipokuwa kama daktari amempimia maji kwa ajili ya moyo au figo. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea hivyo, chembechembe zinaganda kwenye ncha ya mpira. Kuna bakteria wanaofanya mkojo uwe wa alkali, chumvi zake zinaganda kama chokaa kwenye birika, na mpira unaziba kabla ya wiki nne. Mkiona mchanga mweupe kwenye bomba, andikeni tarehe. Mpira ukiziba siku ya 20, unaofuata ubadilishwe siku ya 16 au 17, msingoje uzibe tena. Na mzee anayeziba mara kwa mara apimwe mawe ya kibofu kwa utrasaundi.

Hiyo inanileta kwenye hesabu ambayo karatasi yake haikuisema. Mpira wa lateksi yenye silikoni hukaa hadi siku 28. Wa silikoni tupu, ule mweupe unaopitisha mwanga, hukaa hadi wiki 12. Wake ni wa kahawia, upasuaji ni wiki sita: lazima ubadilishwe mara moja katikati. Nenda kaangalie pia rangi ya kile kidomo cha kujazia puto. Namba 14 ni kijani, 16 chungwa, 18 nyekundu. Ukikuta nyekundu wakati karatasi inasema 16, ujue mwandishi kakosea, na utakapompeleka kituoni waeleze.

Kamba, hapana. Kibofu chake kilikuwa kimejaa kupita kiasi, misuli imevutika, inahitaji kupumzika. Kukifunga ni kurudisha shinikizo lile lile kwenye figo, na mkojo uliotuama ndiyo chakula cha vijidudu. Kuna vizibo na valvu maalumu za kufunga na kufungua, lakini huo ni uamuzi wa daktari aliyejua hali ya figo. Kama kreatinini yake (kipimo cha damu cha kazi ya figo) ilikuwa juu siku alipoziba, usiruhusu hata majaribio.

Na kama mkojo haujashuka kwa saa nne ilhali amekunywa: nyoosheni bomba, mgeuzeni ubavu, shusheni mfuko, gusa chini ya kitovu. Pakiwa pagumu, pamejaa, panauma, ni hospitali sasa hivi, si kesho asubuhi. Msisukume maji kwa bomba la sindano nyumbani kama hamjafundishwa. Msikate mpira. Msiuvute. Puto la 10 ml ndani ya kibofu ni kubwa kuliko njia litakayopitia, na kulitoa likiwa limejaa kunachana njia ya mkojo. Kovu lake linaleta mkojo kuziba upya miaka baadaye, na safari hiyo tatizo si tezi tena.

Mambo mengine ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo: homa ya 38 au zaidi, kutetemeka, maumivu ya ubavu, mzee kuanza kuchanganya maneno ghafla, mabonge ya damu, au mpira kutoka wenyewe. Ukitoka msiurudishe ndani, nendeni nao, daktari aone kama puto lilipasuka na kama kuna kipande kimebaki.

---

Mfamasia wa Kona

Naongeza upande wa dawa.

Tamsulosin ni 0.4 mg mara moja kwa siku, nusu saa baada ya mlo ule ule kila siku. Wengi tunawashauri baada ya chakula cha usiku kwa sababu inashusha presha mtu anaposimama. Kapsuli imezwe nzima. Ukiifungua au kuitafuna, dawa yote inaingia mara moja, na mzee anaanguka akielekea chooni. Asubuhi akae ukingoni mwa kitanda dakika mbili tatu kabla ya kusimama. Kama anatumia dawa za presha, leta orodha yote. Na kama ana mpango wa upasuaji wa mtoto wa jicho, daktari wa macho aambiwe kwamba anatumia au amewahi kutumia tamsulosin, maana inalegeza mboni na kumtatiza akiwa kazini, hata kama dawa iliachwa zamani.

Wakiongeza finasteride, dawa ya kusinyaza tezi, msitegemee matokeo ya wiki. Inahitaji kama miezi sita, na mjamzito asishike vidonge vilivyovunjika. Pia inashusha PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, kwa takriban nusu, kwa hiyo anayepima ajulishwe. PSA inayopimwa siku ya kuwekewa mpira au akiwa na maambukizi hupanda bila kansa yoyote. Familia nyingi zinalia kwa jibu la namna hiyo. Muulizeni daktari lini kirudiwe, kwa kawaida wanasubiri wiki kadhaa.

Dawa za kukwepa: vidonge vya mafua vyenye chlorpheniramine au pseudoephedrine, na amitriptyline bila daktari kujua. Hizo ndizo mara nyingi zilizomziba mtu siku ile. Sasa ana mpira, lakini siku ukitolewa zitamrudisha pale pale. Diclofenac kwa mwenye figo zilizoguswa ni hatari, kwa maumivu paracetamol inatosha. Michanganyiko ya mizizi inayouzwa ya "kuyeyusha tezi" siwezi kuipima humo kuna nini, na figo za huyu mzee si mahali pa kujaribia.

Halafu antibayotiki. Msije dukani kununua siprofloksasini "kwa sababu ana mpira" au "kwa sababu mkojo unanuka". Mpira ukishakaa mwezi, karibu kila mtu ana bakteria kwenye mkojo, na bila dalili hawatibiwi. Mkiwatibu wanaondoka dhaifu, wanabaki sugu, na siku ya upasuaji dawa hazifanyi kazi. Akiwa na homa kweli, mpira ubadilishwe kwanza kama una zaidi ya wiki mbili, sampuli ichukuliwe kwenye mpira mpya. Mkojo wa mfukoni haufai kwa kuotesha bakteria maabara, umeshalala na wadudu wa mfuko. Mfuko ukigeuka zambarau msiogope: ni rangi inayotengenezwa na bakteria, huonekana zaidi kwa wenye choo kigumu. Kama hana homa wala maumivu, badilisheni mfuko, lainisheni choo, na umtaje kituoni siku ya zamu.

---

Bi Mhudumu

Asanteni sana. Nimepita leo: chandarua lilikuwa limebana bomba kweli, na choo hajapata siku nne. Kidomo ni cha chungwa. Kitanda cha mjukuu kimehamishiwa chumbani kwa mzee.

Matatu yamebaki. Mzee anataka kwenda msibani wilaya jirani, saa tatu kwa basi, na ameacha kuswali tangu awekewe mpira. Na je, kuna uwezekano mpira utolewe kabla ya upasuaji?

---

Nesi wa Zamu

Kwenye basi kosa ni mfuko kuwekwa mapajani au kwenye mkoba uliopakatwa, mkojo unasimama na kurudi. Tafuteni mfuko mdogo wa mguuni, unafungwa chini ya goti kwa mikanda yake, suruali pana inaufunika. Ujazo wake ni mdogo, 500 hadi 750 ml, kwa hiyo umwagwe kabla ya kupanda na kila basi linaposimama. Kiungio kisifunguliwe kwa ajili ya usiku: ule mkubwa unaunganishwa kwenye koki ya huo wa mguuni, koki ikiachwa wazi. Wasipoupata, mfuko wa kawaida uning'inie kwenye ndoano yake ukingoni mwa siti, chini ya paja, ndani ya mfuko wa kitambaa. Bodaboda, sishauri. Na asiache maji ili tu asimwage njiani.

Kuswali, waonane na sheikh wao. Wanavyoelekezwa wengi ni hukumu ya mtu anayetokwa na mkojo mfululizo: mfuko unamwagwa, anajisafisha, anatawadha wakati wa swala ukishaingia, kwa kila swala ya faradhi, kisha anaswali bila kuchelewa. Kwa upande wangu wa kitabibu, aswali akiwa ameketi kwenye kiti. Akisujudu chini mfuko unabaki sakafuni sambamba na kibofu na mpira unavutika.

Choo kigumu mkianze leo. Maji, papai, mboga za majani, atembeetembee uani. Bila mafanikio siku mbili mbele, kituo kimpe laktulosi, dawa ya kulainisha choo. Asijikamue.

---

Tabibu wa Mkojo

La kuutoa kabla ya upasuaji: inawezekana. Mtu aliyeziba mara ya kwanza, figo salama, akishatumia tamsulosin siku kadhaa hujaribiwa bila mpira, na wengine hukojoa wenyewe wakasubiri tarehe yao huru. Ulizeni siku ya kubadilisha, itakuwa safari moja badala ya mbili. Pendekeza waje asubuhi, ili likishindikana jioni isiwakute nyumbani.

Kutoa ni kazi ya kituoni: bomba la sindano tupu linachomekwa kwenye kidomo, maji ya puto yanaachwa yarudi yenyewe bila kuvutwa kwa nguvu, yanahesabiwa kama ni karibu zile 10 ml, ndipo mpira unatoka kwa kuteleza. Maji yasiporudi, apelekwe ngazi ya juu, asiruhusu mtu kukata kidomo. Wakati wa kuweka mpya ombeni puto lijazwe maji ya sindano, si ya dripu yenye chumvi: chumvi inaganda kwenye njia ya puto, na siku ya kutoa ndipo mnajua.

Akishatolewa anywe kawaida, glasi moja kila saa inatosha. Wengine wanamnywesha lita mbili kwa mkupuo ili "asukume", kibofu kinajaa ghafla na kuziba upya. Aende kukojoa kila saa mbili hadi tatu, ameketi kama kusimama kunamtetemesha, na kila mkojo upimwe kwenye kopo na kuandikwa. Kuwashwa kidogo na tone la damu siku ya kwanza ni kawaida. Saa sita zikipita bila kukojoa, au anakojoa kidogo kidogo, chini ya 100 ml, huku tumbo la chini linajaa, arudi awekewe. Na tarehe ya upasuaji isifutwe kwa sababu tu amekojoa wiki moja, tezi bado ipo pale pale.